Leseni ya Kuya Rodel ilitoka kabla ya chakula cha mchana, tukamshauri asiiamini

Wakuu, salamu kutoka Doha, ambako wiki hii shuka linakauka kabla hujamaliza kulitundika.

Nimesoma ule mjadala wa juzi humu ndani, wa kwa nini nchi za Asia ya Kusini-Mashariki zinabadilika huku sisi tukiendelea kuambiwa "njoo kesho". Wachumi wamemwaga hoja zao na nimewasoma kwa heshima zote.

Mimi si mchumi. Mimi nipo londri, nafua mashuka ya hoteli.

Ila kuna jambo lilitokea kwenye meza yetu ya kantini, na limenifundisha mageuzi ya serikali na ya kampuni binafsi kuliko makala nyingi nilizowahi kusoma. Nasimulia nilivyoona kwa macho yangu. Chumvi sitaongeza. Majina nimebadilisha, kwa sababu wahusika wawili wana miili mikubwa kuliko mimi.

Nitakwenda taratibu ili hata asiyewahi kupanda ndege asipotee.

Jikoni kwetu kulikuwa na mwokaji mmoja Mfilipino, tumwite Rodel. Hotelini kila mtu alimwita Kuya, ambayo kwao ni kaka mkubwa. Hata mudir, yaani bosi wetu, alimwita Kuya. Kwa wageni alioka mikate ya Kifaransa yenye majina marefu. Kwa sisi wafanyakazi, kila Ijumaa alioka vimkate vidogo laini vya kwao, pandesal. Sisi Waswahili tuliviita skonzi na hakuwahi kulalamika.

Ndoto yake ilikuwa moja: duka la mikate kwenye mji wake mdogo, aoke alfajiri, auze asubuhi, mchana alale kwake.

Na alishawahi kujaribu.

Miaka ya nyuma alirudi kwao akafungua. Wakati ule, anasema, leseni ilikuwa safari. Jengo hili muhuri, jengo lile saini, mwenye saini yuko msibani, rudi Jumatatu. Akafanya walichofanya wote: akatafuta mtu.

Kwa mdogo wetu humu ambaye hajawahi kuhangaikia kibali chochote (hongera zako), huyo mtu kwetu Tanzania tunamwita kishoka. Yule anayekaa nje ya ofisi, shati limepigwa pasi, anamjua kila aliye ndani.

Kishoka wa Rodel alikuwa kamili. Alikuuzia tanuri, na ndani ya bei hiyo hiyo akakuletea leseni. Kifurushi kimoja.

Tanuri lilikuwa la kweli. Leseni haikuwa ya kweli.

Wakaguzi walipofika, duka likafungwa. Tanuri likabaki uani mpaka kuku wa jirani wakaanza kutaga ndani yake. Rodel akapanda ndege kurudi huku.

Sasa shikeni hapa, maana ndipo penye uzi.

Mkataba wake ulikuwa unaisha. Ofisi ikamwambia: ikifika Alhamisi, ama usaini tena, ama tukukatie tiketi ya kwenu. Kusaini maana yake miaka mingine mbali na binti yake, mtoto anayemjua baba kwa upande wa kidevu tu, kwa jinsi Rodel anavyoshika simu akipiga video.

Mkewe, Luz, ni mwanamke wa maneno machache. Akampa sharti: "Safari hii nakwenda ofisini mwenyewe. Leseni ikitoka, usisaini, rudi nyumbani. Isipotoka, saini."

Kwa hiyo maisha ya mtu yalikuwa yananing'inia kwenye karatasi moja.

Siku ya siku ikafika. Luz akaondoka kwake asubuhi. Saa zao ziko mbele ya zetu, kwa hiyo sisi tulipokuwa mapumziko ya asubuhi, tunakunywa karak, ile chai nzito ya maziwa ya huku, kule ilishapita saa ya chakula cha mchana. Mezani tulikuwa mimi, Rodel, na Wafula, Mkenya wa Bungoma, mlinzi wa geti la wafanyakazi.

Simu ya Rodel ikalia. Akaitazama. Uso ukageuka rangi ya unga uliokandwa.

"Vipi, Kuya?" nikamuuliza. (Tunazungumza Kiingereza cha hotelini kilichochanganyika na Kiarabu. Hapa nawawekea kwa Kiswahili.)

"Imetoka."

"Nini?"

"Leseni."



"Imetoka na ameenda leo?" Wafula akauliza.

"Leo."

"Leo hii? Hii ya leo?"

"Wafula, kuna leo nyingine?"

Wakuu, mngetegemea shangwe. Ilikuwa kama tumeletewa taarifa ya msiba. Wafula akaweka kikombe chini polepole, kama askari anayekaribia mzigo usio na mwenyewe.

"Buda," akasema, "pole sana. Hapo mmeuziwa."

Tukaanza uchunguzi. Rodel anamwandikia mkewe, mkewe anajibu, Rodel anatusomea.

Alipita ofisi ngapi? Chumba kimoja tu, madawati yote yamo humo humo.

"Umesikia?" Wafula akaniangalia. "Chumba kimoja! Ofisi feki haiwezi kukodi vyumba vingi."

Aliambiwa arudi kesho? Hapana.

"Ona sasa. Ofisa wa kweli lazima akwambie kesho. Hiyo ndiyo signature yake."

Walifunga kwa ajili ya chakula? Hapana, walipokezana kula.

"Serikali haili lunch? Hao si watu wa serikali."

Mhudumu alikuwaje? Luz akaandika: alitabasamu.

Hapo Wafula alisimama kabisa. "Alitabasamu! Kuya, chukua simu, piga polisi wa kwenu."

Na mimi, badala ya kumtuliza mtu, nikaingiwa na tabia yangu ya kueleza. Nikamweleza Rodel namna vishoka wa kwetu wanavyoweza kufungua hadi ofisi ya bandia, yenye kaunta, bendera na kalamu iliyofungwa kwa uzi. Nilieleza kwa utulivu, kwa mifano, hatua kwa hatua. Nilieleza vizuri kiasi kwamba Rodel aliamini kila neno.

Akapiga simu, akaweka spika, akaanza kwa Kiingereza ili na sisi tusikie.

"Luz, ulimpa nani?"

"Kumpa nani nini?"

"Hakuna ofisi ya kwetu inayofanya hivyo. Sema ukweli, ulimpa nani?"

Kilichofuata kilikuwa kwa lugha yao na hatukuelewa hata neno moja, ila tulielewa yote. Hata Wafula alitazama viatu vyake. Simu ikakatwa.

"Amesemaje?" nikauliza.

"Amesema niwaulize rafiki zangu: mkate ukiumuka vizuri, huwa mnautupa?"

Baada ya hapo Luz hakupokea simu tena.

Wageni wa hoteli walilijua hilo kabla yetu. Mikate ya Kifaransa ikaanza kutoka bapa kama chapati. Mgeni mmoja akauliza kama ni mtindo mpya. Rodel alikuwa anakanda unga huku anatazama simu, na unga, wakuu, unajua usipotazamwa.

Jumatano asubuhi nikamkuta nje ya ofisi ya mudir. Mkononi ana kalamu, tena si yake. Ameiazima kwa mudir ili akae nayo kidogo, aizoee.

"Nitasaini tu," akaniambia. "Nilishafungiwa duka mara moja. Sitaki binti yangu aone wakiweka kufuli tena."

Niliumia. Sikuwa na maelezo ya kumpa, na mnajua kwangu hiyo ni hali mbaya.

Aliyetuokoa ni Zuhura. Zuhura ni Mzanzibari, anasafisha vyumba, na ndiye anayeniletea mashuka londri. Alinikuta nimeduwaa nikamhadithia mkasa wote. Akasikiliza huku ameegemea toroli, kisha akaniambia kwa ile sauti yao tamu, inayokukata bila wewe kuhisi kisu:

"Hebu niambie tena, kaka yangu, maana nahisi sijafahamu. Mtu kenda ofisini, kapewa haki yake, upesi, kwa uso mkunjufu, hakutoa kitu. Na nyinyi mmekaa matanga?"

"Si matanga, dada. Ni tahadhari."

"Tahadhari ya nini? Kaibiwa nini huyo? Kaibiwa foleni?"

Nikaanza kumweleza habari za vishoka. Akaninyanyulia kiganja.

"Nawajua. Sasa si mpige simu huko huko ofisini muwaulize? Ama hata kupiga simu mwataka mtafutiwe mtu?"

Wakuu, sisi wanaume watatu, wenye simu zenye kila kitu, hilo halikuwa limetupitia kichwani.

Mapumziko ya Jumatano tukarudi mezani, safari hii na Zuhura kama mwenyekiti. Akaomba aione picha ambayo Luz alimtumia Rodel siku leseni ilipotoka. Luz alikuwa amejipiga akiwa ameshika leseni, anacheka. Nyuma yake ukutani kulikuwa na bango kubwa. Zuhura akalikuza.

"Hili nini?"

Rodel akasoma, na kadiri alivyosoma sauti ikawa inapungua kasi. Huduma fulani: unahitaji hiki na hiki. Hatua ni hizi. Itachukua muda huu. Ada ni hii. Anayehusika ni fulani. Na chini kabisa: ukicheleweshwa au ukiombwa chochote, piga namba hii.

Hapa niruhusuni nisimame kidogo, nieleze nilichokuja kujifunza baadaye kwa Rodel.

Nchi yao ilitunga sheria kwamba kila ofisi ya umma iandike ukutani inachofanya, kwa muda gani, na jina la wa kuulizwa. Jambo dogo lina siku zake, kubwa lina zake, na ofisa akizipita bila sababu anajibu yeye. Ukishoka ukawa kosa la jinai, kwa kishoka na kwa aliye ndani anayekula naye. Na madawati ya leseni yakaambiwa yahamie chumba kimoja, badala ya mwananchi kutembea, karatasi ndizo zitembee.

Hakuna uchawi hapo. Hawakuleta malaika kutoka mbinguni. Ni maofisa wale wale, ila sasa ukuta unawasemea.

Tuendelee.

Rodel akapiga ile namba. Akapokea dada mmoja. Rodel alikuwa anatutafsiria kila baada ya sentensi, ameziba simu kwa kiganja, na mazungumzo yalikwenda hivi:

"Nina malalamiko."

"Pole sana, bwana. Tumekuchelewesha wapi?"

"Hamkunichelewesha."

"Kuna mtu alimwomba mkeo kitu?"

"Hapana."

"Alijibiwa vibaya?"

"Hapana. Alisema mlitabasamu."



"Kwa hiyo malalamiko yenyewe, bwana, ni..."

"Ni kwamba imetoka upesi mno."



"Bwana, unataka tuicheleweshe?"

Rodel alipotutafsiria hilo, Wafula akasema haraka, "Mwambie asubiri, tujadiliane." Zuhura akampiga kwa kitambaa cha kufutia vumbi.

Kisha yule dada akauliza, "Samahani, unapiga kutoka nje ya nchi?"

"Doha."

"Nilijua. Ni nyinyi mnaotupigia. Mliondoka wakati sisi ni wabaya, mkatubeba hivyo hivyo mpaka leo."

Wakuu, Rodel alipotutafsiria maneno hayo, meza nzima tuliangalia vikombe vyetu.

Dada akachukua namba ya leseni, akaitafuta. Ni halali. Imo kwenye kumbukumbu zao, kwa jina la Luz. Akaongeza onyo moja: "Mkifungua duka, mkaguzi atapita. Mwambie mkeo asimpe mkate. Hata mmoja."

Rodel alikaa akashika kichwa. Halafu akampigia Luz. Aliyepokea ni binti, Luz asingepokea. Tukasikia simu ikipelekwa jikoni, mtoto anacheka njiani. Rodel akaomba radhi kwa lugha yao, akaomba tena kwa Kiingereza ili sisi tuwe mashahidi, na akatutaja sisi kama chanzo, jambo ambalo lilikuwa haki.

Luz akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Sasa nina habari mbaya. Tanuri."

Rodel akakauka.

Mnamkumbuka yule kishoka wa kifurushi? Siku hizi hakanyagi ofisi ya serikali. Ana duka lake la vifaa pale mjini, lenye risiti na kiyoyozi. Luz alikwenda kununua tanuri, akaambiwa lipo, lakini gari la kulileta litapatikana kesho. Pengine keshokutwa. Labda likikumbukwa kwa kitu kidogo, litapatikana leo.

Kishoka hakufa, wakuu. Alihamia sekta binafsi.

Na Rodel? Rodel alicheka mpaka akashika meza. Alicheka machozi yakamtoka. "Sasa naamini!" akapaza sauti mpaka kantini nzima ikageuka. "Sasa naamini leseni ni ya kweli! Hiyo ndiyo nchi yangu!"

Luz hakucheka. Akasubiri amalize. "Umemaliza? Sikumpa kitu. Nilipanda basi, nikaenda mji wa pili, nikanunua kwa mwingine. Tanuri linaletwa Jumamosi."

Akakata simu. Safari hii alikata kwa upendo kidogo.

Sasa naomba wachumi wangu mnisahihishe, lakini mimi nililiona hivi, na nililiona nikiwa nakunja mashuka.

Zamani yule jamaa aliuza tanuri na leseni pamoja. Usingeweza kwenda duka lingine, kwa sababu mlango wa serikali aliushika yeye. Tanuri lake likiwa bovu, utanyamaza. Likichelewa, utangoja. Siku serikali ilipofungua mlango wake kwa kila mtu, jamaa akabaki na tanuri tu. Na mtu mwenye tanuri tu anaweza kukimbiwa na mwanamke mwenye nauli ya basi.

Tena kampuni nyingi zilikuwa zinajificha nyuma ya serikali. Leseni yako haijatoka, hatuwezi kukuhudumia. Leo leseni imetoka asubuhi, na anayeonekana amelala ni kampuni.

Msinielewe vibaya. Sio peponi kule. Rodel mwenyewe aliniambia kuna miji jirani ambako bango liko ukutani na watu bado wanazungushwa chini ya bango hilo hilo. Mageuzi hayaamki kila mji siku moja. Lakini pale kwao yalikuwa yameamka, naye alikaribia kuyakosa na kupoteza miaka mingine ya maisha yake, kwa sababu hakutegemea kuyaona.

Alhamisi akaingia ofisini kwa mudir. Sisi tulikuwa dirishani, tunajifanya tunafuta kioo. Hakusaini. Akamrudishia kalamu yake.

Alipotoka alituonyesha meseji ya Luz: "Njoo upesi, kabla hawajarudia tabia zao."

Ijumaa hiyo skonzi zilipanda mpaka zikagusana.

Siku hizi yuko kwao. Picha ya kwanza aliyotutumia ni ya duka, alfajiri, watu wamejipanga nje na mifuko mkononi. Ndiyo foleni pekee katika kisa hiki chote. Binti amekaa juu ya kaunta, na baba yuko pembeni yake mzima mzima, si kidevu.

Ningeishia hapo ningeonekana mtu mwenye busara. Lakini nimesema chumvi sitaongeza, na sukari pia nisiongeze.

Dada yangu Mwajuma, yuko Morogoro, anashona sare za shule. Muda mrefu nimekuwa nikimwambia habari za leseni aniachie, nikirudi likizo namjua mtu. Mwezi huu akanipigia: "Siku hizi maombi ni ya mtandaoni, nikikwama nakwenda ofisini mwenyewe."

Neno la kwanza lililotoka mdomoni mwangu: "Angalia usitapeliwe."

Zuhura alikuwa karibu na toroli lake. Alinitazama tu. Nikasema, "Nenda, dada. Nenda mwenyewe."

Akakwama, akaenda. Akaambiwa mtandao unasumbua. Vidole vyangu vikaanza kutafuta namba ya yule mtu ninayemjua. Nikajizuia, nikamwandikia Rodel. Jibu likaja haraka: "Asiondoke. Asimpe mtu kitu. Asome ukutani."

Nikamfikishia. Mwajuma akajibu: "Ukutani kuna kalenda ya mwaka juzi. Lakini nimekaa. Siondoki."

Haikutoka kabla ya chakula cha mchana, wakuu, sitawadanganya. Alirudi tena, akakaa tena. Lakini ilitoka, na hakuna aliyemwomba hata soda.

Aliponitumia picha ya leseni niliikuza, nikaigeuza, nikautazama muhuri kwa jicho moja, nikitafuta kasoro. Zuhura akaninyang'anya simu.

Funzo nililolipata ni hili. Sisi tulioko nje tunabeba nchi kichwani kama ilivyokuwa siku tulipoondoka. Tunaipigia simu, tunaitumia ushauri, na wakati mwingine ndio tunaowakatisha tamaa waliobaki wanapokwenda kudai haki yao kwa njia iliyonyooka. Ikibadilika hata kidogo hatuisalimii, tunaiomba kitambulisho.

Basi tuambieni, hasa mlioko nje: nchi uliyobeba kichwani ni ya mwaka gani? Na mlioko nyumbani, ni ofisi gani ilikuhudumia upesi mpaka ukaogopa? Semeni bila aibu, tupate pa kuwapeleka ndugu zetu.

Wafula, najua uko humu unasoma kwa jina lingine. Changia na wewe, buda. Ila kwanza muombe Luz radhi.